Jina la Mjukuu Wangu Kwenye Herufi za Kiebrania

Mwanaume akija kuniambia amemwona mjukuu wangu ndani ya Biblia, swali langu la kwanza ni kama anamwona pia akiwa jikoni. Hilo ndilo nililomuuliza mwalimu, yule kijana aliyeleta posa, siku ya kwanza alipokuja kwangu Segerea. Alicheka kwa adabu, akainamisha kichwa, akasema, "Bibi una maneno."

Mimi sina maneno, nina maswali. Shule niliishia darasa la nne, kule Njombe, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kusoma najua, nafuata kwa kidole, na mstari nisiouelewa naurudia mpaka uniambie kitu. Mjukuu huyu nimemlea tangu mama yake, mwanangu wa pili, alipofariki na kuniachia mtoto anayetambaa. Sasa ni mwanamke mzima. Yuko duka la dawa hapa mtaani, ndiye anayenichoma sindano yangu ya kisukari na ndiye anayeninyang'anya kijiko nikielekea kwenye kopo la sukari. Kwa hiyo mtu anayekuja kumchukua lazima apite kwangu, na apite taratibu.

Kwetu sisi watu wa bara binti haposwi hivi hivi. Mshenga akishaleta salamu, upande wa binti unaomba muda, na muda ule ni wa kupeleleza. Ukoo wao ukoje? Wanaume wao wanapiga wake? Kuna ugonjwa wanaouficha? Kijana kabla ya hapa alikaa wapi, na aliondokaje? Katika ukoo wetu kazi hiyo ni yangu. Nimeifanya kwa mabinti wengi. Wapo wanaonichukia mpaka leo, na wapo walioniletea kitenge.

Mshenga wa mwalimu alikuwa mzee wa kanisani kwao, suti ya kahawia, sauti ya kuongoza pambio. Alikunywa chai yangu yote, akapangusa mdomo, akasema:

"Mama, kwa heshima, kwenye hili msijichoshe na kupeleleza. Jambo limeshathibitishwa."

"Limethibitishwa na nani?"

"Na Maandiko. Kijana amelitafuta kwa hesabu, akalikuta."

Mjomba wa binti, mwanangu mkubwa, alinitazama. Ananijua. Mtu akiniambia nisipeleleze, miguu yangu inaanza kuwasha.

Jumapili yake mwalimu akaja mwenyewe, kompyuta iko kwenye begi mgongoni. Anafundisha hesabu sekondari moja huko Kinondoni. Shingo nyembamba, viatu vimeng'arishwa mpaka unajiona.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hivyo viatu viache hapo hapo, nimepiga deki."

Akaweka kompyuta kwenye meza ya chakula, mjukuu wangu akavuta kiti karibu naye, karibu kuliko nilivyopenda. Nikavaa miwani. Nilichokiona ni herufi zimefuatana kama mchwa njiani, hakuna nafasi kati ya neno na neno, hakuna nukta, hakuna pa kupumulia.

"Hiki ni Kiebrania, bibi. Vitabu vitano vya mwanzo, kuanzia Mwanzo mpaka Kumbukumbu la Torati. Kinasomwa kutoka kulia."

"Soma basi nisikie."

Akajikuna nyuma ya sikio. "Kusoma kwa kuelewa, najua kidogo tu. Mimi nahesabu."

"Kwa hiyo hujui Mungu anasema nini. Unajua amesema herufi ngapi."

"Bibi!" mjukuu wangu akanikanya, lakini mdomo ulikuwa unamchezacheza.

Mwalimu hakukasirika. Hilo nalo nililiwekea alama: mtu asiyekasirika haraka ama ana moyo mzuri ama ameshazoea kuulizwa. Akanieleza kwa uvumilivu kama anavyowaeleza wanafunzi wake wa mwisho darasani. Unachukua herufi moja. Unaruka, tuseme, hamsini. Unachukua inayofuata. Unaruka hamsini tena. Zile ulizochukua zinakusanyika kuwa neno, na neno hilo halionekani kwa anayesoma kawaida, limefichwa chini. Kompyuta ndiyo inayoruka, yeye anaiambia tu iruke ngapi. Akabonyeza. Herufi chache zikawaka rangi nyekundu kwenda chini, nyingine zikawaka bluu kwenda pembeni, zikakutana katikati kama maneno ya chemshabongo.

"Hili jekundu ni jina lake. Hili la bluu ni langu. Na hapa karibu, umeona hizi? Hili neno ni 'nuru'."

Mjukuu wangu hakuwa anaangalia kompyuta. Alikuwa ananiangalia mimi, macho yamemjaa maji. "Fikiria, bibi. Zamani zote zile, mimi nilikuwa nimeshaandikwa."

Hapo ndipo nilipoogopa. Mtoto aliyefiwa na mama kabla hajajua kumwita, ukimwambia ameandikwa mahali, utampeleka popote. Mwalimu hakujua ameshika nini mkononi. Au alijua. Nilikuwa bado sijapata jibu.

"Nitafutie na mimi," nikasema.

Akaniuliza jina langu la ubatizo, akaliandika kwa herufi zile, akabonyeza. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. "Upo, bibi! Upo kwenye Kutoka."

"Niko karibu na neno gani?"

Akasogeza macho, akahangaika kidogo na kamusi yake. "Ukuta."

Wakacheka wote wawili mpaka mjukuu wangu akaegemea meza. Nikawaacha wamalize.

"Sasa mtafute baba mwenye nyumba wetu wa Temeke. Yule aliyenitolea vyombo nje mvua inanyesha, na huyu akiwa mgongoni kwangu."

Kicheko kikakatika. Nikamtajia jina. Akabonyeza. Akabonyeza tena, akibadilisha namba ya kuruka, na herufi zikawaka.

"Na yeye yumo?"

"Yumo," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi Mungu hakumchagua mjukuu wangu, mwalimu. Ameandika mtaa mzima."

"Bibi, suala si jina peke yake. Suala ni majina yanapokutana."

"Mimi na yule baba tulikutana sana. Kila mwisho wa mwezi."

Mjukuu wangu aliniomba nimwache mgeni anywe chai. Nikamwacha anywe. Wakati anavaa viatu mlangoni nikamuuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kabla ya kuhamia Kinondoni alikaa wapi. Akasema Chamazi. Akalisema haraka, na akainama kufunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Juma lililofuata nilimwambia mjukuu wangu naenda kumwona mgonjwa. Toka Segerea mpaka Chamazi ni kukata mji mzima. Nikateremka Rangi Tatu, nikachukua bajaji. Siku hiyo kulikuwa na mechi uwanjani kwao, barabara imejaa vijana wenye jezi, dereva wa bajaji ananiuliza, "Bibi, na wewe timu gani?" Nikamwambia timu yangu ni ya watu wanaoendesha wakitazama mbele.

Anayetaka habari za mtu haendi kwa mjumbe, anakwenda gengeni. Nikatafuta genge lililo karibu na kanisa la dhehebu lao, nikamkuta mama mmoja mnene anapanga nyanya kwa mafungu, kiti chake kimetulia mahali pake kama cha mtu aliyekaa miaka. Akaniamkia. Nikaitikia, nikachagua mchicha nisiouhitaji.

"Mwanangu, naulizia kijana mmoja, mwalimu wa hesabu. Alikuwaga huku."

Mkono wake ukasimama juu ya nyanya. "Wa kompyuta?"

"Huyo huyo."

"Wewe ni nani wake?"

"Bado si mtu wake. Anamtaka mjukuu wangu."

Akaondoa ndoo ya bamia kwenye kigoda, akakifuta kwa khanga, akanisogezea. "Kaa mama. Na huyo naye kampata ndani ya Biblia?"

Nikakaa. Sikuwa na namna nyingine.

"Wangu alimpata," akasema. "Kwenye Mwanzo. Alikuja hapa hapa, akafungua kile kimashine chake juu ya mafungu yangu ya vitunguu, akanionyesha. Mie nikasema haleluya. Mwanangu jina lake lipo kwa Musa! Nilitembea mtaa mzima nikitangaza."

"Ikawaje?"

"Tulishapokea posa. Nguo za send-off zilishashonwa. Siku moja jioni anakuja, amepauka, hata maji hataki. Ananiambia, mama, nimeruka kwa namba nyingine, na pembeni ya jina la binti yako limetokea neno 'kaburi'. Amefunga, amesali, amehesabu upya, bado lipo. Anasema hawezi kumpeleka mtoto wa watu kaburini. Nikamwambia, baba, nani asiyekwenda?"

Akampimia mteja mmoja karanga, akarudi.

"Mama, kuachwa si kitu. Mimi mwenyewe nimeachwa mara mbili na bado nauza nyanya. Lakini mwanangu alilibeba lile neno. Alikaa ndani akisubiri kufa. Akikohoa, analia. Akiumwa kichwa, anatuaga."

"Mungu wangu. Na sasa?"

"Sasa yuko Morogoro, kaolewa na dereva wa lori, ana mapacha, kanenepa kunizidi mie." Akacheka, halafu kicheko kikamwisha. "Yule kijana hakututukana, hakula cha mtu. Ana heshima. Ndicho kinachoniuma, sina hata pa kumtukania."

Njia nzima ya kurudi sikuuona mji. Kumbe jambo la kuogopa halikuwa lile la kumpata mjukuu wangu kwenye herufi. La kuogopa ni kwamba anayemtafuta mtu hivyo haachi kutafuta akishaoa. Ataendelea kubonyeza. Leo nuru, kesho kaburi. Na mjukuu wangu, niliyembeba mvuani, atakaa kwenye nyumba ya watu akisubiri neno litakalotokea pembeni yake.

Wengine wangemwita binti faraghani. Mimi nilisubiri wakutane wote wawili, nikasema mbele yao. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kochi, mjukuu wangu anakata vitunguu mlangoni pa jiko.

"Nimetoka Chamazi. Nimekaa kwa mama wa genge."

Mwalimu hakubabaika kama nilivyotarajia. Alivua miwani yake tu, akaishika mapajani. "Ni kweli, bibi. Chochote alichokuambia ni kweli."

"Kipi?" mjukuu wangu akauliza. "Kipi ni kweli?"

Akamweleza mwenyewe, hakupunguza. Hilo nalo nililiwekea alama, upande wake safari hii, ingawa kwa shingo upande. Mjukuu wangu aliweka kisu chini.

"Na pembeni yangu mimi kuna nini?"

"Nuru. Uliona."

"Ukiruka kwa namba nyingine?"

Akaanza kuifuta miwani kwa pindo la shati.

"Nimekuuliza."

"Sijaangalia."

"Kwa nini hujaangalia?"

"Naogopa," akasema.

Mwanamke mwingine pengine angelainika. Mimi nilisikia baridi. Anayeogopa leo, iko siku atachoka kuogopa, ataangalia. Baada ya mwalimu kuondoka nikampigia simu mwanangu mkubwa, akasema tukatae, amwambie mshenga kesho asubuhi, imekwisha. Nilikubaliana naye. Nilishaanza hata kutafuta maneno ya kumpoza mtoto.

Mjukuu wangu akaja kukaa miguuni pangu kama zamani nilipokuwa nikimsuka. "Bibi, nampenda. Lakini siwezi kuishi na mtu anayenichungulia kila siku kuona kama nitakufa."

"Basi tunakataa."

"Hapana. Waambie waje. Tufanye ya khanga. Anichague mwenyewe, bila kompyuta. Akikosa, nitakuwa nimejua, na hutanisikia nikilia."

Ya khanga ni hivi, kwa asiyejua. Siku ya kuja kumkubali binti, upande wetu unawatoa wasichana kadhaa waliofunikwa gubigubi kwa khanga, na upande wa muoaji unaambiwa: mchukueni wenu. Wakikosea wanazomewa, wanapozwa, wanajaribu tena. Kwa kawaida wanaochagua ni mashangazi wa kijana, na kila mtu anajua mchezo una wizi ndani yake. Binti anachomoza kidole chenye hina, dada zake wanatuma ujumbe wa simu, shangazi anaonja matusi mawili ya utani halafu anapatia. Hakuna aliyewahi kukosa mke kwa ajili ya khanga.

Nikampigia mshenga. "Safari hii atachagua kijana mwenyewe. Mara moja. Akikosea mnarudi na vitu vyenu."

"Mama! Ule si mchezo wa kuchangamsha watu tu?"

"Wakachangamkie kwingine."

Siku yenyewe niliisimamia kama askari wa lile gereza la hapa kwetu Segerea. Simu za wasichana wote niliziweka kwenye ndoo, ndoo nikaisukuma chini ya kitanda changu. Nilikuwa nimeshawachagua mapema, watano pamoja na mjukuu wangu, kimo kimoja, wembamba mmoja. Niliwafunika kwa khanga za aina moja na kuwavalisha soksi ili miguu isiseme. Na wakati wanataka kutoka chumbani nikawapanga upya, kwa sababu mmoja wao, mtoto wa jirani, alikuwa ameniuliza mara mbili mjukuu wangu atasimama wa ngapi. Nikamweka mjukuu wangu wa tano, mwisho kabisa, karibu na friji. Yule mtoto wa jirani nikamweka wa tatu.

Sebule ilijaa. Mashangazi wa kijana wakaanza kuimba, wetu wakajibu kwa kejeli. "Huyo mwalimu wenu anajua kuhesabu mpaka tano?" "Anajua! Na baki anarudisha!" Mwalimu akasimama. Kola ilikuwa imelowa jasho.

Akapita wa kwanza. Akapita wa pili. Kwa wa tatu akasimama.

Akasimama muda mrefu. Nilikuwa nimekaa mahali ninapouona uso wake, na nikaona midomo yake inacheza bila sauti. Anahesabu. Mungu wangu, hata hapa anahesabu.

"Ndiye huyo! Mfunue!" shangazi yake akapiga kelele.

Akanyoosha mkono mpaka ukagusa khanga. Nikamtazama yule wa tano. Alikuwa amesimama wima, mikono ameibana mbavuni chini ya kitambaa, hatikisiki hata kidogo. Nikasema moyoni, mwanangu, pole, nitakuwa hapa.

Mwalimu akashusha mkono. Akaenda wa nne. Akaenda wa tano. Hakurudi nyuma.

"Ndiye huyu."

"Una hakika?" nikamuuliza mimi, kwa sauti iliyonyamazisha vigelegele kabla havijaanza.

"Ndiye, bibi."

"Mfunue."

Wanja ulikuwa umeshuka mpaka mashavuni. Mjukuu wangu alikuwa analia tangu chumbani, na hakuna aliyejua. Waliobaki wakajifunua wenyewe wakipiga vigelegele, mashangazi wakaingia katikati, mtu akaikanyaga trei ya soda.

Nilimvizia mwalimu uani, kwenye pipa la maji, alipokwenda kunawa uso.

"Pale kwa wa tatu ulisimamia nini?"

Akageuka, maji yanamdondoka kidevuni. Angeweza kunidanganya. "Nilihesabu, bibi. Jana. Kila herufi ile ina namba yake. Nilijumlisha jina lake na langu, nikagawa kwa tano, ikabaki tatu."

"Nani alikuambia watakuwa watano?"

"Mshenga."

Nikaliweka hilo akilini: kumbe mtoto wa jirani alikuwa anampelekea mshenga habari zetu. "Namba zilisema wa tatu. Kwa nini hukumfunua?"

"Wa tatu alikuwa anacheka. Khanga yote inatikisika. Wa kwanza alikuwa anacheka, wa pili, wa nne. Wote, bibi, isipokuwa mmoja." Akajipangusa kwa mkono wa shati. "Nikajiuliza, humu ndani ni nani leo asiye na cha kuchekea?"

Nilitamani kuona kasoro kwenye jibu hilo. Nimeitafuta tangu siku ile, kwa kulirudia kama ninavyorudia mstari mgumu, na bado sijaipata. Nilimpa taulo lililokuwa kwenye kamba, nikaingia ndani nikamwambia mwanangu mkubwa apokee vitu vyao.

Wanaishi Kinondoni sasa, vyumba viwili, jirani na shule yake. Mjukuu wangu anatarajia, tumbo limeshatangulia mbele. Huwa naenda bila kupiga simu. Kompyuta ipo, juu ya kabati, na napitisha kidole juu yake nione kama ina vumbi. Mara ina, mara haina, maana anatungia mitihani humo, au anasema anatungia mitihani. "Umeangalia?" namuuliza. "Sijaangalia, bibi," ananijibu, na mjukuu wangu anatuambia sote wawili tunyamaze tule.

Nanyamaza, nakula. Lakini nikikaa pale mezani nakaa upande wa kumkabili, na kila anapomtazama mke wake kwa muda mrefu bila kusema kitu, mimi namtazama midomo.